Ukuta ni wa Wenyewe

Baba yangu aliishi Jericho, mtaa wa Nairobi, miaka ishirini na minne na hakupigilia msumari hata mmoja ukutani. Nalisema hili mapema ili mkinisikia nalalamika mjue chanzo. Watoto wangu wamenisumbua nimwandike babu yao kabla sijasahau. Nimewajibu kwamba kusahau si shida yangu. Shida yangu ni kukumbuka. Mzee alikufa zamani, nami leo nimempita umri, lakini akinijia akilini bado kinachotangulia ni hasira. Mengine hufuata nyuma, tena polepole.

Na mkiona nimeandika kama mtu wa darasa la tano, ni kwa sababu niliishia darasa la tano. Hilo nalo ni lake. Nitafika.

Alikuwa fundi wa mbao katika karakana ya reli. Majirani walimwita Fundi. Sisi watoto tulimwita Mzee tangu akiwa na nywele nyeusi tii, kwa sababu hakuwa na ujana wa kumwonyesha mtu. Nyumba yetu ilikuwa ya kanjo, yaani baraza la jiji, vyumba viwili, na kila kilichokuwa ndani alikiunda mwenyewe kwa mbao za makasha: vitanda, meza, kabati la vyombo, viti vinne. Vyote aliviunga kwa bolti. Hakutaka gundi, hakutaka misumari. Kila kipande alikiandika kwa rangi nyekundu upande usioonekana, K ya kitanda, M ya meza, moja, mbili, tatu. Mimi nilijua kusoma M4 nikiwa nimelala chali chini ya meza, kabla sijaona ubao wa shule.

Sababu ya bolti ilikuwa moja tu. Siku ya kurudi nyumbani ikifika, Mzee alitaka kufungua kila kitu asubuhi moja, avifunge vipande kwa kamba na kuvipakia treni ya magharibi. Nyumbani maana yake ni kule alikotoka, kwenye shamba la baba yake. Jericho palikuwa mahali pa kufanyia kazi. "Usizoee," ndiyo ilikuwa salamu yake kwetu. Ukisifu timu ya mtaa, usizoee. Ukipata rafiki, usizoee. Dada yangu mkubwa alikata picha ya maua kwenye gazeti akataka kuibandika juu ya kitanda chake. Mzee akaibandua kwa vidole viwili kama mtu anayeondoa mende. "Ukuta ni wa wenyewe," akasema. Wenyewe ni kanjo. Kwa hiyo hata kalenda yetu ililala mezani, na ukitaka kujua tarehe uliinua sahani.

Sasa, bolti hulegea. Mtu yeyote wa kazi anajua hivyo, na yeye alijua kuliko wote. Vitanda vyetu vililia kama kuku, meza ilicheza ukikata mkate. Kila Jumamosi mchana alitoa spana mfukoni mwa koti akazunguka nyumba akikaza, na hakuangalia nani amekalia nini. Mchungaji wetu alikuja siku moja kutuombea. Katikati ya chai Mzee akamgusa bega, akamwambia ainuke kidogo. Mchungaji akasimama na kikombe chake, Mzee akapiga magoti nyuma ya kiti, ungedhani yeye ndiye anayeombewa. Mama alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwa, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mama ndiye aliyejua kumsema. "Baba yenu alifunga safari kabla nyinyi hamjazaliwa," alikuwa akituambia, "treni ndiyo imechelewa." Lakini alimtii. Sukuma wiki zake alizipanda kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, mstari mzima kando ya mlango, kwa sababu alikatazwa kuchimba udongo wa kanjo. Mikebe inabebeka.

Mlango wa pili kutoka kwetu aliishi dereva wa kanjo, mtu wa Ukambani, mcheshi kupita kiasi. Kila Desemba alimsubiri baba yangu penye bomba la maji.

"Fundi, ni mwaka huu mnatuacha?"

"Mwakani."

"Uniite nikusaidie kubeba kile kitanda."

"Namba zipo. Hutapotea."

Miaka kumi na kitu, maneno yale yale. Sisi watoto tulikuwa tunayafuatisha kwa midomo, bila sauti, huku tumejificha nyuma ya kona.

Ningeendelea kucheka kama mambo yangeishia kwenye bomba. Lakini Mzee alipokuwa akisema mwakani, aliamini. Na alipoamini sana, alinitoa shule ya Jericho akanipeleka kule nyumbani kwa nyanya, mama yake, nisome shule ya kule, nitangulie, wao waje nyuma. Hawakuja. Mihula ikapita, nikarudishwa Nairobi, nikakuta nafasi yangu imejazwa, nikaanza tena darasa lile lile nililoliacha. Alinifanyia hivyo mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa na ndevu zinaanza, nimeketi nyuma kabisa, na watoto wenzangu wa darasa la tano wananiita mjomba. Siku moja nilitoka na sikurudi. Nikaenda soko la Gikomba nikasimama kando ya watu wanaochomelea chuma mpaka wakachoka kunifukuza. Hakuna aliyenifundisha. Niliangalia. Miaka michache baadaye mageti niliyochomelea mimi yalikuwa yanafunga nyumba za madaktari, na hakuna daktari aliyewahi kuniuliza darasa.

Kazi ya kuchomelea niliichagua kwa makusudi, nisiwadanganye. Bolti hufunguka. Chuma kilichochomelewa hakifunguki. Ukitaka kukitenganisha lazima ukikate, na alama itabaki. Mzee alipoona geti langu la kwanza alilizunguka, akapitisha kidole kwenye mshono. "Kazi ya kiburi hii," akasema. "Mwenyewe akihama je?"

Nikamwambia mwenyewe hahami. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa na mtoto kwamba mvua haitanyesha tena.

Na bado mtu huyu aliyetukataza kuzoea, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alifagia njia kutoka mlangoni kwetu mpaka penye bomba. Njia ya kanjo. Mlango wa jirani ukikwaruza sakafu hakutulia mpaka ameenda na randa yake akaupunguza. Milango yote ya mstari wetu ilipita mikononi mwake, na hakutaka asante. Alijua upana wake bila kupima, kwa kuwa yote ilikuwa sawa. "Mlango ni mlango," alisema. Watu wa kanjo walipokuja kupaka rangi, wakataka kuupaka mlango wetu kijani, aligombana nao nusu siku mpaka wakaurudishia buluu yake. Na yule dereva alipostaafu akahamia kwao, Mzee hakusema neno wiki mbili. Jumamosi moja alikaza viti mara mbili. Mama akamwuliza kama amemzoea jirani. Akasema ni kikohozi.

Ndiyo maana nasema alinichosha. Mtu mbaya ungemjua, ungejipanga. Yeye ukimpangia hivi, anatokea vile.

Miaka ya sabini fomu za nyumba za mtaa mpya wa Umoja zilipotoka, mtu wa kazini kwake alimletea moja. Nyumba mpya, unakaa ukiilipia mpaka inakuwa yako. Mama aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. Mimi nilikuwepo. Akaniomba niisome, nikaisoma polepole kwa elimu yangu ya vipande, na nilipofika pale pa sahihi nikampa Mzee kalamu. Akaigeuza karatasi upande mweupe akachora kiti. Kiti chenye mikono, na vipimo vyake, futi na inchi, na bolti zake ameziwekea duara. "Karatasi nzuri," akasema, akaikunja akaitia mfukoni. Mama alitoka nje akaimwagilia mikebe ambayo alikuwa ameshaimwagilia.

Wiki iliyofuata nilitafuta fomu yangu mwenyewe. Nikabahatika. Mzee aliposikia, aliniita akaniuliza swali moja.

"Unataka uzikwe kando ya barabara ya Outer Ring?"

"Nataka kuishi, Mzee. Kuzikwa tutaona."

Akasema mtu hawezi kuwa na nyumbani mara mbili. Nikasema mimi sijapata hata mara moja. Hatukuongea mpaka mavuno.

Nikahamia Umoja na mke wangu. Nyumba ilikuwa ndogo, ila ilikuwa na nafasi ya kuongezea, na mimi niliongezea kwa mikono yangu, tofali juu ya tofali. Ndani nilifanya kinyume cha kila nilichokulia. Kitanda nilikichomelea kwenye vyuma vilivyoingia ukutani. Rafu hivyo hivyo. Meza miguu yake imezama kwenye saruji. Mke wangu analalamika mpaka leo kwamba hawezi kusogeza kitu afagie. Ndugu zangu walichukua upande wa Mzee bila kujijua. Dada yangu ana nyumba yake nzuri, yeye ni nyanya sasa, na picha zote za familia zimeegemea ukuta sakafuni, wajukuu wanazipiga mateke. Hawezi kushika nyundo. Mdogo wangu ana sanduku chini ya kitanda, limefungwa, lina mashati mawili na blanketi. Nilimwuliza linangoja nini. Akasema hajui, lakini likitolewa hapati usingizi.

Nilitaka kitu kimoja kwa baba yangu. Nilitaka aingie kwangu, aketi, anywe chai ndani ya kuta zangu. Kwetu, nyumba ya mtoto ambamo baba yake hajaketi ni kibanda tu hata iwe ya mawe. Yeye alilijua hilo kuliko mimi, na ndiyo sababu hakuingia.

Si kwamba hakuja. Alikuja karibu kila Jumapili baada ya kanisa, kwa miguu kutoka Jericho, kofia kichwani. Alifika getini akashika vyuma vyangu kwa mikono yote miwili, akasimama hapo. Tuliongea yeye nje, mimi ndani. Wajukuu walipita chini ya mkono wake wakienda na kurudi. Mke wangu alimpelekea chai, akainywa amesimama, akasifu chai, akakosoa geti. Hapa mshono umevimba, hapa umeacha tundu. Siku moja mtu aliyekuja kuniona alimkuta pale akamdhani mlinzi, akamwuliza, "Soja, mwenyewe yuko?" Mzee akamfungulia. "Yuko," akasema. "Ingia." Yule mtu akaingia. Yeye akabaki nje.

Nilipombana, alinipa sababu, na sababu zake ziliunganishwa vizuri kama samani zake: ukifungua moja unaikuta nyingine. Kwanza alisema baba halali nyumba moja na mke wa mtoto wake. Nikasema sijamwambia alale, nimemwambia aketi. Akasema kiti anachokalia mke wa mtoto wake yeye hawezi kukikalia. Hiyo ni desturi yetu na sikuweza kuibishia. Kwa hiyo nikamjengea chumba cha nje. Chumba kimoja, ukuta wake, mlango wake unaotazama uani, asikutane na mtu. Fremu ya mlango niliichomelea kwa chuma kilichobaki kwenye kazi ya mteja, ikatoka nyembamba kidogo, lakini mtu anapita. Jumapili ile nikamwonyesha kutoka pale pale getini.

"Chumba kizuri," akasema. "Kina kiti?"

"Nitaleta kiti."

"Cha nani?"

"Basi unda chako, Mzee. Wewe si fundi?"

Akanywa chai yake yote kabla ya kujibu. "Nitakiunda nikienda nyumbani," akasema. "Mwakani."

Chumba kikakaa kitupu. Mke wangu alitaka tumpangishe mtu. Nikakataa, tukagombana, nikashinda ugomvi huo na sikufurahi.

Halafu mwakani ikafika. Ilinishangaza zaidi ya yeyote. Alistaafu katikati ya miaka ya themanini, na asubuhi ya kuondoka nilienda Jericho kusaidia. Hakunihitaji. Spana ilizunguka, nati zikaingia kwenye mikebe, vipande vikapangwa uani kwa namba zake, na kabla ya saa nne nyumba nzima ilikuwa imelala chini imefungwa kamba. Majirani walitoka kutazama. Kila kipande kilikuwepo. Nikaingia ndani mara ya mwisho. Miaka ishirini na minne, watoto watatu, na kuta hazikuwa na tundu hata moja. Ungesema hatukuwahi kuishi. Palikuwa na alama moja tu, weusi wa mafuta ya nywele pale Mzee alipokuwa akiegemeza kichwa jioni baada ya kazi. Alikuwa anaisugua kwa brashi na sabuni. Haikutoka. Alisugua mpaka Mama akamwambia treni haitamngoja kwa ajili ya kichwa chake.

Mwaka uliofuata nikaenda kuwaona. Nilikuwa na hamu na nyumba ile. Miaka yote hiyo alikuwa akienda likizo kuijenga, kidogo kidogo, na sisi tulikulia kwenye vitanda vinavyolia kwa ajili yake. Shamba lilikuwa pana, limeteremka mpaka mtoni, mtu angejenga anavyotaka. Nikapinda kona ya ua nikasimama.

Ilikuwa Jericho. Vyumba viwili vya futi kumi kwa kumi. Dirisha dogo upande wa kushoto. Mlango wa buluu, upana ule ule. Ndani, meza mahali pake, vitanda mahali pake, kalenda mezani chini ya sahani. Mama alikuwa amepanga mikebe ya sukuma wiki kando ya mlango, na udongo wa shamba umemzunguka pande zote. "Ni mazoea tu," akaniambia kwa sauti ya chini kabla sijauliza.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake, kichwa ameegemeza ukutani. "Karibu, kijana," akasema. Mimi nilikuwa na watoto wanne.

Sikuingia. Nilisimama mlangoni nikamwuliza nani alimpimia nyumba hii.

"Sikupima," akasema. "Mkono ulikuwa unajua."

"Si ulituambia tusizoee?"

"Niliwaambia nyinyi."

 Akaniambia niketi. Nikamwambia nitasimama. Mama akaniletea chai pale mlangoni, nikainywa nimesimama, mkono mmoja umeshika fremu, na nilipofika nusu ya kikombe nikajiona. Mama naye alikuwa ameniona. Aligeuka upande, mabega yakaanza kutikisika kama siku ya mchungaji. Nikaingia nikaketi.

Kabla sijaondoka Mzee aliniuliza kama kile chumba changu cha nje bado kipo. Nikasema kipo. Akasema hakina kiti. Nikasema hakina. Nikataka kumwandikia vipimo vya mlango, maana nilijua niliubana. Akapunga mkono. "Mlango ni mlango."

Miezi ilipita. Siku moja, jua la mchana, nasikia mtu anagonga geti kwa chuma. Ni Mzee, anagonga kwa spana. Amekonda, koti limekuwa kubwa. Nyuma yake mtu wa mkokoteni, na juu ya mkokoteni kiti. Kiti chenye mikono, kizima, kilikuja juu ya basi kutoka magharibi, kimefunikwa gunia. Nilikitambua. Kilikuwa kile alichochora nyuma ya fomu.

Nikafungua geti polepole, nisije nikamstua akageuka. Akaingia. Hivyo tu, mguu mmoja kisha wa pili, akapita pale alipokuwa akisimama Jumapili zote zile. Mke wangu alitoka jikoni akamsalimia kwa mbali, kama inavyopasa, akarudi ndani haraka, na najua alirudi kufanya nini kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu alipoleta chai.

Mzee na mimi tukakibeba kiti mpaka mlango wa chumba cha nje. Hakikupita. Tukakilaza ubavu. Hakikupita. Tukatanguliza miguu, tukatanguliza mgongo, tukakisimamisha. Mikono ya kiti ilikuwa imezidi upana wa mlango wangu kwa inchi tatu. Kingepita mlango wa Jericho. Kingepita mlango wowote wa mstari wetu.

Hasira zikanipanda, za miaka yote. Nikamwambia nilitaka kumpa vipimo. Akasema nilibana mlango. Nikasema chuma kiliisha. Akasema fundi haanzi kazi na chuma cha kuishia. Nikamwambia basi haidhuru, tufungue bolti tukiingize vipande vipande, tukikaze ndani.  Nikakipindua kiti nitafute namba.

Hakukuwa na namba. Hakukuwa na nati. Mbao zilikuwa zimeingia ndani ya mbao, zimegandishwa kwa gundi, na kila kiungo kimepigwa kigingi cha mti mgumu kikasuguliwa mpaka kikalingana. Nilipitisha kidole kama yeye alivyopitisha kwenye geti langu. Baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akiunda kitu kisichofunguka.

"Bolti ziko wapi?" nikamwuliza.

"Hakina."

"Kitarudi vipi nyumbani?"

Akatazama pembeni, akavuta kofia. Akakibeba kiti mwenyewe, akakiweka pale uani karibu na karo la kufulia, akaketi. "Hapa panatosha," akasema. "Leteni chai."

Nikasema hapatoshi. Miaka minane getini, na sasa penye maji machafu. Nikaingia stoo nikatoka na msumeno wa chuma, nyundo na tindo. Nilikuwa nimeshaupachika msumeno kwenye fremu yangu mwenyewe aliponyanyua mkono.

"Ngoja kwanza," akasema. "Huo ukuta ni wa nani?"

Nikageuka. Hakuwa anatania, hakuwa mtu wa kutania.

"Ni wangu, Baba."

 Akautazama ukuta kutoka chini mpaka juu, chai mkononi.

"Basi kata."

Nikakata. Alikaa akinitazama kazi yote, vumbi la tofali likimwangukia kofiani, na hakuacha kunikosoa: shika tindo chini, unavunja zaidi ya unavyohitaji, nani alikufundisha wewe. Jua lilipoanza kushuka kiti kikaingia. Akaingia nyuma yake, akaketi, akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Alikaa kwangu siku tisa. Akarudi nyumbani bila kiti, na msimu wa mvua uliofuata ukamchukua.

Mlango ule haufungi sawasawa mpaka leo. Fremu niliirudishia siku ile kwa haraka, imepinda. Upepo unaingia, vumbi linaingia juu ya kiti. Mke wangu anasema ni aibu, fundi wa mageti ya madaktari na mlango wake mwenyewe umeachama. Ana haki. Nimemwambia nitautengeneza mwakani.